Nifanyeje dada yangu asisahaulike?

Swali: Dada yangu ndiye aliyenilea. Tulimzika kwetu Mamba Miamba mwaka jana. Hapa Same, wanangu wakimtaja mama yao mkubwa nalia, sasa wamenyamaza. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, mama. Waambie watoto wazi kwamba kulia si kosa, na kwamba unapenda wamtaje. Jumapili pikeni makande kama alivyoyapika, kila mmoja asimulie jambo lake moja. Warekodi wazee kwa simu, kwa Kipare chao. Wao ndio wanaoujua utoto wake. Mkipanda milimani Mamba Miamba msimu wa tangawizi, mkapalilie kaburi pamoja. Usingizi au hamu ya kula ikikutoka kwa wiki nyingi, muone daktari: huzuni nzito nayo hutibiwa.