Sodoma, Kafarnaumu na Yowe Linalofika Mbinguni

Desemba 3, 2023 ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Katika somo la kwanza tulimsikia Isaya akimsihi Mungu apasue mbingu ashuke, milima itetemeke mbele zake. Siku hiyohiyo tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Siku chache baadaye tulikuwa kwenye basi dogo kutoka Musoma kwenda Bunda. Abiria mmoja akasema kwa sauti kwamba ile ni Sodoma, wamelipwa kwa matendo yao. Wengine wakaitikia. Sisi tulikuwa wanafunzi watatu wa falsafa, na hakuna aliyefungua kinywa. Makala hii ni jibu letu lililochelewa.

Tuanze na mantiki, maana ndiyo tunayofundishwa. Mvua ikinyesha, barabara ya Butiama hulowa. Leo barabara imelowa. Je, mvua imenyesha? Huenda ni boza la maji limepita likivuja. Vivyo hivyo, hata tukikubali kwamba Mungu aliwahi kuuangamiza mji kwa ajili ya dhambi, haifuati kwamba kila mji unaoangamia umehukumiwa. Yesu mwenyewe aliulizwa karibu swali hilohilo. Aliwakumbusha wasikilizaji wake watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Lk 13:4-5). Kisha akaugeuza mjadala kwa waliokuwa wakiuliza: tubuni ninyi.

Mtakatifu Agostino alikutana na mjadala huu mwaka 410, Roma ilipotekwa na Alariki na jeshi lake. Wapagani walisema miungu imekasirika kwa sababu ya Wakristo. Agostino alijibu kwa kitabu kikubwa, Mji wa Mungu, akionyesha kwamba maafa ya dunia huwapata wema na wabaya pamoja. Tofauti iko kwa anayeteseka na jinsi anavyoyapokea, si katika mateso yenyewe.

Lakini tusiikimbie Sodoma. Wapo wanaotaka kuifuta kabisa hukumu ya Mungu ili mahubiri yawe matamu, na hao pia wanakosea. Mwanzo 18:20 haianzi na moto. Inaanza na kilio. Yowe limefika kwa Mungu, naye anasema atashuka kuona kama mambo ni hivyo kweli. Msomaji wa Mara anaelewa hili haraka: yowe likipigwa usiku kijijini, hakuna anayelala akisubiri asubuhi. Mungu wa Mwanzo ni kama jirani aliyesikia yowe. Nani alikuwa akilia? Sura ya 19 inaonyesha wageni waliotaka kufanyiwa jeuri ya kimwili mlangoni mwa Loti. Ezekieli 16:49 inaongeza jambo ambalo wengi wetu hatukulisikia katika mafundisho: Sodoma ilikuwa na kiburi, shibe na raha, na haikumsaidia maskini. Katekisimu, namba 1867, inaiweka dhambi ya Wasodoma pamoja na damu ya Abeli, kilio cha watu walioonewa Misri, cha mgeni, mjane na yatima, na dhuluma kwa mfanyakazi wa ujira.

Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliwaambia Masista wa Maryknoll mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowatia watu umaskini na kuwadhalilisha, litapoteza maana yake. Shirika hilo ndilo lililoleta wamisionari wengi Musoma, kwa hiyo alikuwa anazungumza na watu wa nyumbani.

Sasa tusome Mt 11:20-24 tukiwa tumekaa ufukweni Musoma. Miji ambayo Yesu anaikemea, Korazini, Bethsaida na Kafarnaumu, ni miji ya eneo la ziwa, penye wavuvi na mitumbwi kama kwetu. Makosa yao? Waliona matendo makuu wasitubu. Anasema siku ya hukumu Sodoma itakuwa na nafuu kuliko Kafarnaumu. Ukali huo unawaangukia waliokaa karibu na Injili, yaani wenye parokia, kwaya na seminari.

Na yowe lipo kwetu. Katika Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, katika baadhi ya koo za mkoa huu, mabinti hukimbia usiku kukwepa ukeketaji. Butiama na Mugumu zipo nyumba salama zinazowapokea. Binti anayekimbia hupita mbele ya nyumba za Wakristo. Abiria yule alitafuta Sodoma Katesh, nasi tulimwacha, huku njia tuliyokuwa tukisafiri ikipita katika mkoa huuhuu.

Kwa jumuiya zitakazopenda kuendelea: someni Mwanzo 18:22-33 polepole. Abrahamu anaanza na wenye haki 50, anashuka hadi 10, na mara zote sita Mungu anakubali. Abrahamu ndiye aliyeacha kuomba. Halafu someni Yona 4, mwone nabii aliyekasirika kwa sababu Ninawi, yenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, imesamehewa. Jadilianeni: sisi kwenye lile basi tulifanana na yupi?