Tunaomba Kitu Kinachowezekana? Fadhila ya Matumaini na Amani ya Nchi Takatifu



Likizo iliyopita sisi mafrateri wachache wa falsafa tulikuwa kwenye utume Chita, pale milima ya Udzungwa inaposhuka na kuliachia nafasi bonde la Kilombero na mashamba yake ya mpunga. Jioni moja tulisali na jumuiya ndogo ndogo. Ulipofika wakati wa maombi, mama mmoja aliwaombea amani Waisraeli na Wapalestina. Baada ya sala, mzee aliyekaa karibu na mlango akatugeukia: "Mafrateri, ninyi mnasoma. Ombi hili nalisikia tangu ujana wangu. Wale walianza ugomvi tangu Isaka na Ishmaeli. Je, tunaomba kitu kinachowezekana, au tumezoea tu kusema?"

Usiku ule tulijibu kwa maneno mengi, lakini hatukumjibu. Makala hii ni jaribio la pili.

1. Matumaini ni nini?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (sehemu ya kwanza ya sehemu ya pili, swali la 40), anasema kwamba kinachotumainiwa lazima kiwe na sifa nne: kiwe chema, kiwe cha wakati ujao, kiwe kigumu kukipata, na kiwe kinawezekana.

Mkulima wa Chita anazijua sifa hizi hata kama hajasoma kitabu hicho. Hatumaini kupata magugu, kwa sababu si mema. Mpunga ulio tayari ghalani hautumainii, kwa kuwa anao. Hatumaini kwamba kesho jua litachomoza, kwa sababu halimgharimu kitu. Wala hatumaini kuvuna mpunga juu ya jabali. Anachotumaini ni mavuno ya shamba alilolipanda, ambayo mafuriko, ndege au ukame vinaweza kumnyang'anya. Ndiyo maana anaamka alfajiri. Mtu asiyetumaini hapalilii.

Basi tuichukue amani ya Nchi Takatifu na kuipitisha katika sifa hizo. Kwamba ni ya wakati ujao halina ubishi. Tubaki na tatu.

2. Je, ni jema? Na ni jema la nani?

Tukisema "amani", kila mmoja anaweza kuwa na picha yake. Kuna anayemaanisha kwamba upande anaoupenda ushinde na ule mwingine unyamaze. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et spes namba 78, unafundisha kwamba amani si kukosekana kwa vita tu, bali ni kazi ya haki. Nabii Isaya alishasema hivyo (rej. Isa 32:17).

Kwa hiyo jema tunaloliombea lazima liwe jema la wote wawili: Mwisraeli alale bila hofu ya roketi na ya kutekwa, na Mpalestina alale bila hofu ya bomu na ya kufukuzwa kwake. Kanisa limelisema hilo kwa matendo pia. Hati Nostra aetate ya tarehe 28 Oktoba 1965 ililaani chuki dhidi ya Wayahudi, na ikawataka Wakristo na Waislamu waache ya zamani na kutafuta kuelewana. Vatikano ilitia saini Mkataba wa Msingi na Israeli tarehe 30 Desemba 1993, kisha mkataba na Taifa la Palestina tarehe 26 Juni 2015. Msimamo wake ni mataifa mawili, kila moja likiwa salama, pamoja na hadhi ya pekee kwa mji wa Yerusalemu.

Hapa tujisahihishe jambo moja tunalolisikia mara kwa mara vigangoni. Israeli ya Biblia na Taifa la Israeli la leo havipaswi kuchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja. Katika raia wa Israeli ya leo, karibu mmoja kati ya watano ni Mwarabu. Na miongoni mwa Wapalestina wamo ndugu zetu Wakristo, Bethlehemu na Gaza. Parokia Katoliki ya Familia Takatifu, Gaza, ndiyo ile ambayo Papa Fransisko aliipigia simu karibu kila jioni tangu vita ianze hadi siku chache kabla ya kifo chake Aprili 2025. Tarehe 17 Julai 2025 kanisa hilo lilipigwa na watu watatu wakafariki. Kwa hiyo, anayedhani Mkristo ana upande mmoja tu wa kuulilia hajawahesabu ndugu zake wote.

3. Je, ni gumu?

Hapa hatuhitaji kubishana, ila tunahitaji kujua ugumu uko wapi. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Palestina iliwekwa chini ya usimamizi wa Uingereza, kama ilivyokuwa kwa Tanganyika yetu. Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipendekeza nchi igawanywe kuwa mbili, ya Wayahudi na ya Waarabu. Wayahudi, ambao miaka michache tu nyuma walikuwa wamepoteza watu wao milioni sita huko Ulaya, walikubali. Viongozi wa Waarabu walikataa. Taifa la Israeli lilitangazwa tarehe 14 Mei 1948. Katika vita vya wakati huo, Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au kufukuzwa. Mwaka 1967 Israeli ikateka Ukingo wa Magharibi, Gaza na Yerusalemu ya Mashariki.

Mwaka 1993 viongozi wa pande mbili, Yitzhak Rabin na Yasser Arafat, walishikana mikono Washington. Miaka miwili baadaye Rabin aliuawa, na aliyemwua alikuwa Myahudi mwenzake aliyepinga mapatano hayo. Kisha ikaja tarehe 7 Oktoba 2023: watu wapatao 1,200 waliuawa Israeli na 251 wakachukuliwa mateka. Katika vita vilivyofuata, Wizara ya Afya ya Gaza ilihesabu vifo zaidi ya 65,000 kabla ya mapigano kusitishwa Oktoba 2025.

Ugumu huo ulifika hata Tanzania. Vijana wetu wawili, waliokwenda Israeli mwaka 2023 kujifunza kilimo kwa vitendo, waliuawa siku ile ya 7 Oktoba. Mmoja alirudishwa na kuzikwa nyumbani mwaka huohuo. Mwili wa mwenzake ulishikiliwa Gaza hadi Novemba 2025. Zaidi ya miaka miwili, wazazi Watanzania walisubiri mtoto wa kuzika. Tulipolitaja hilo pale Chita, mahali ambapo kila kijana anajua jembe, watu walinyamaza. Hakuna aliyesema tena kwamba vita ile ni ya mbali.

4. Je, inawezekana?

Hapa ndipo swali la mzee wetu lilipolala. Kama ugomvi ni wa tangu Isaka na Ishmaeli, basi uko kwenye damu, na kuuombea uishe ni sawa na kuomba mpunga juu ya jabali.

Lakini tumsome Isaka na Ishmaeli hadi mwisho. Mwanzo 25:9 inaeleza kwamba Abrahamu alipofariki, wanawe hao wawili walimzika pamoja katika pango la Makpela. Pango hilo liko Hebroni, katika Ukingo wa Magharibi wa leo. Maandiko hayatuachii ndugu wakifukuzana. Yanatuachia ndugu juu ya kaburi moja. Na tulivyoona hapo juu, ugomvi wa leo una tarehe, mipaka na hati. Kilichoanzishwa na maamuzi ya watu kinaweza kubadilishwa na maamuzi ya watu.

Ushahidi upo. Misri na Israeli zilipigana vita mara nne katika miaka 25. Novemba 1977 Rais Anwar Sadat alikwenda Yerusalemu mwenyewe, na mkataba ukatiwa saini tarehe 26 Machi 1979. Sadat alilipia kwa uhai wake mwaka 1981, lakini mkataba umedumu. Yordani nayo ilipatana na Israeli mwaka 1994. Kati ya Yerusalemu na Tel Aviv kuna kijiji chenye jina la lugha mbili, Neve Shalom kwa Kiebrania na Wahat al-Salam kwa Kiarabu, kilichoanzishwa na Mdominikani Bruno Hussar kwenye ardhi ya monasteri ya Latrun. Wayahudi na Wapalestina huishi humo na watoto wao husoma pamoja. Na tangu mwaka 1995 kuna umoja wa familia za pande zote mbili zilizofiwa katika mgogoro huu, ambazo hukutana na kukataa kisasi.

Ni mifano midogo? Ndiyo. Lakini ili kuthibitisha kwamba jambo linawezekana, mfano mmoja wa kweli unatosha.

5. Dhambi mbili dhidi ya matumaini

Katekisimu (namba 2091 na 2092) inataja makosa mawili. La kwanza ni kukata tamaa. Mara nyingi huvaa joho la hekima: "Hao hawapatani hadi Yesu arudi." La pili ni kujiaminisha kupita kiasi, kudhani Mungu atamaliza bila sisi kugeuka, au kwamba nguvu peke yake itatosha. Yote mawili yana tunda moja: mtu hapalilii.

Tuseme wazi, makosa haya tunayo pia hapa nyumbani. Mkoani kwetu Morogoro, tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa, Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Bonde letu la Kilombero nalo limeyaonja machungu ya mifugo mashambani, mipaka isiyoeleweka, na operesheni ya mwaka 2012 ya kuondoa mifugo bondeni. Hatusemi migogoro hii ni sawa na ule wa Nchi Takatifu. Lakini maneno yanafanana: "Wale ndivyo walivyo." Anayemwombea Mpalestina na Mwisraeli wapatane Jumapili, kisha Jumatatu anasema hivyo juu ya mfugaji au mkulima jirani yake, midomo yake imeomba lakini moyo wake umeshajibu hapana.

6. Hitimisho

Mzee wetu, jibu ni hili: tunaomba kitu chema, kigumu, na kinachowezekana. Na kwa kuwa ni kigumu, ombi letu lina gharama. Tuwataje wote wawili kwa majina yao tunaposali. Tukumbuke kwamba sadaka ya Ijumaa Kuu huenda kuwasaidia ndugu zetu wa Nchi Takatifu. Tusisambaze kwenye simu picha na maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi au Waislamu. Na mgogoro wa mpaka ukitokea, tuufikishe kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji kabla ya mtu kushika fimbo au panga.

Abrahamu alitumaini pale ambapo hapakuwa na la kutumainia (rej. Rum 4:18), akawa baba wa mataifa mengi. Wanaopigana leo wote humwita baba. Sisi pia.

Maswali kwa jumuiya
1. Tunapoomba amani, tunaomba jema la nani?
2. Ni jirani gani ambaye tumeshamkatia tamaa?
3. Wiki hii tutapalilia nini?