MBWA ANAUMWA, MFUKONI HAKUNA KITU

Katika somo la leo tunaongelea jambo ambalo vijana wengi huona haya kuliuliza mbele za watu. Mnyama wako anaumwa. Unampenda. Daktari wa mifugo yupo mjini, na hela ya kumlipa huna. Ufanyeje?

Najua wapo watakaocheka. "Mbwa tu huyo, akifa tutachukua mwingine." Lakini muulize mkulima wa Mahurunga au Kitaya, kule bondeni mwa Ruvuma, ni nani anayemlindia mihogo usiku nguruwe pori wanapotoka porini. Muulize mama wa Mikindani panya wangekula mpunga kiasi gani kama si yule paka wake. Na hata mnyama ambaye hana kazi yoyote, analala tu mlangoni akikusubiri urudi shule, kumhurumia si utoto.

Tatizo ni hela. Binadamu anaweza kuwa na kadi ya bima, mbwa hana. Unalipia dawa, unalipia kazi ya daktari, na mara nyingi unalipia bodaboda yake kwenda na kurudi. Ukiwa Msimbati au Kilambo, nauli peke yake inaweza kuizidi bei ya sindano. Halafu kuna suala la msimu. Kwetu Mtwara hela inaonekana korosho zikiuzwa, kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi. Ikifika masika, Machi na Aprili, nyumba nyingi zimekauka. Ugonjwa haungojei mnada wa korosho.

Sasa twende hatua kwa hatua.

Kabla ya hela, jiulize: je, ni kichaa?

Hili nitalikalia muda mrefu kidogo, maana hapa ndipo watu hufa.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe anakimbia barabarani akiuma watu. Wengine hutulia kabisa. Unachokiona ni tabia kubadilika: mpole anakuwa mkali, au mkali anakuwa mpole kupita kiasi. Sauti yake inabadilika. Udenda unamtoka. Taya limelegea na hawezi kumeza, si chakula wala maji. Baadaye miguu ya nyuma inalegea.

Hebu fikiria unamwona mbwa wako katika hali hiyo. Mdomo wazi, mate yanachuruzika, anajaribu kumeza anashindwa. Utasema nini? Wengi husema, "Amekwamwa na mfupa wa samaki." Basi kijana anapiga magoti, anamfungua mdomo na kutia mkono ndani autafute mfupa. Ndugu yangu, usifanye hivyo hata siku moja. Mate yale ndiyo yanayobeba virusi, na mchubuko mdogo kidoleni unatosha kuviingiza mwilini.

Kichaa cha mbwa hakina dawa dalili zikishatokea. Hata ungeuza shamba zima la mikorosho, mbwa huyo haponi. Kwa hiyo hapa swali la "nitapata wapi hela ya kumtibu" halipo tena. Mfungie bandani au chumbani bila kumshika, weka watoto mbali, kisha upeleke taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa mifugo wa kata. Paka naye hupata ugonjwa huu na huuambukiza, usimsahau.

Kama umeng'atwa, au mate yake yamekuingia kwenye kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake mafuta, pilipili wala majani. Kisha nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Ukiweza piga simu kwanza uulize chanjo ipo wapi, usije ukapoteza nauli. Mbwa anayeonekana mzima huangaliwa kwa siku 10, lakini wewe usikae nyumbani kusubiri siku hizo ziishe. Anza matibabu, mengine ataamua daktari.

Chanjo ya binadamu ni dozi kadhaa kwa tarehe maalumu, na familia nyingi huilipia mfukoni mwao. Weka na nauli ya kila safari. Wapo wanaochoma dozi ya kwanza tu kisha hawarudi, kwa sababu hela imekwisha. Hiyo ni hatari kubwa. Wazazi wakisema hakuna hela, mwombeni mtendaji awaandikie barua, mwende na barua hiyo ustawi wa jamii pale hospitali mwulize kuhusu msamaha. Ulizeni bila aibu.

Gharama iliyo ndogo ni ya kabla

Sindano moja ya chanjo kwa mbwa ina bei ndogo mno ukilinganisha na hayo yote. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kusini yetu ina ushahidi. Kati ya mwaka 2010 na 2015 mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa chanjo uliofika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania pamoja na Pemba, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates kupitia shirika hilohilo. Mbwa walichanjwa bure, na watu waliong'atwa wakapungua. Lakini mradi ni mradi, una mwanzo na mwisho. Usikae ukitegemea kwamba gari la chanjo ya bure litapita kijijini kwako kila mwaka.

Sasa nikupe siri ndogo ya kazi hii. Chanjo ya kichaa kwa kawaida huja katika kichupa cha dozi 10. Kikishafunguliwa hutumika siku hiyo hiyo, kinachobaki hutupwa. Ndiyo maana ukimwita bwana mifugo kwa mbwa wako mmoja, anasitasita au anakutajia bei ya kushtua. Si roho mbaya. Dozi tisa zitamharibikia. Kusanyeni mbwa na paka 10 wa mtaa, mgawane nauli yake, na bei ya kila mmoja itashuka sana. Watoto wa mbwa wasiachwe nje ya hesabu, nao huchanjwa. Fanyeni hivyo Novemba au Desemba, hela ya korosho ikiwa bado ipo mkononi. Ukisubiri masika, utaambiwa subiri.

Wafuga kuku wanaujua mtindo huu siku nyingi, kwa chanjo ya mdondo: kichupa kimoja, kuku wa mtaa mzima, tone moja moja la jicho. Kwa nini mbwa tushindwe?

Mbele ya daktari, taja hela mapema

Vijana wengi hufika kwa daktari wa mifugo wakajifanya mambo safi, kisha ikitajwa bei wanaaga kwamba wanakwenda kuleta hela, na hawarudi. Mnyama anafia nyumbani. Sema ukweli tangu mwanzo:

"Shikamoo, dokta. Mbwa wangu anatapika tangu jana. Nina shilingi elfu kumi tu. Kwa hela hii tuanze na lipi?"

Hilo ni swali la heshima kabisa, na daktari mzuri atalijibu. Pengine ataacha kipimo cha maabara na kutibu ugonjwa ulio wa kawaida zaidi kwa dalili hizo. Pengine kuna dawa ya bei rahisi inayofanya kazi ileile. Pengine atakubali ulipe nusu leo na nusu mwezi ujao. Basi andikishianeni, ukalipe. Kama mnyama anabebeka, mpeleke wewe kwenye kikapu au boksi, umwokolee daktari bodaboda. Na muulize pia swali gumu: "Nikitoa hela hii, uwezekano wa kupona ni mkubwa au mdogo?" Ni haki yako kujua kabla hujafungua mfuko.

Jambo moja naomba tuelewane. Usichukue mkopo wa kausha damu kwa ajili ya hili, na usiguse ada ya shule. Nasema hivi nikijua kwamba wengine mtakasirika.

Kipi kisubiri, kipi kisisubiri

Kupe, minyoo, upele ulioanza juzi, kidonda kidogo kisicho na funza, mbwa anayechechemea lakini anakula vizuri: haya unaweza kuyakusanyia hela wiki moja au mbili. Mbwa mkubwa anayeharisha kidogo huku anakunywa maji, mpe maji ya ORS kidogo kidogo na wali laini usio na chumvi wala viungo. Isipotulia siku ya pili, nenda.

Yapo yasiyosubiri. Paka dume anayekaa kila mara kama anataka kukojoa na hakitoki kitu, huyo njia imeziba na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Mbwa anayesukuma kuzaa saa nzima na zaidi bila mtoto kutoka. Mnyama aliyekula sumu. Tumbo lililovimba ghafla kama ngoma. Fizi zilizogeuka nyeupe. Na mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali: hiyo mara nyingi ni pavo, ugonjwa wa virusi ulioenea duniani tangu mwaka 1978. Hauna dawa ya kuua virusi vyenyewe. Anayepona huponea dripu na uangalizi wa siku kadhaa, na hapo ndipo hela nyingi hutoka. Akifa, usilete mtoto mwingine asiyechanjwa kwenye uwanja uleule, kwa kuwa virusi hukaa udongoni miezi mingi. Vyombo na sakafu osha kwa sabuni, kisha kwa Jik iliyochanganywa na maji.

Tiba za bure zinazoua

Mtu asiye na hela hujaribu kilichopo nyumbani. Inaeleweka. Lakini Panadol moja inaweza kumuua paka, kwani ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu inashindwa kubeba hewa na fizi zinakuwa kahawia. Diklofenaki na ibuprofeni zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Oili chafu ya gari anayopakwa mbwa mwenye upele, yeye huilamba yote. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ina kipimo chake, usikisie kwa kifuniko cha soda; na dawa za viroboto za mbwa zenye pemethrini humtia paka degedege.

Kwa sisi wa pwani kuna na bunju. Wavuvi wakimtupa mchangani, mbwa na paka wanamla. Sumu yake haiishi kwa kupikwa wala kukaushwa, na haina dawa ya kuizima. Wewe mvuvi, mrudishe majini au mfukie shimo refu.

Ikishindikana

Kuna wakati hela haipatikani, au inapatikana lakini daktari anakwambia uwezekano ni mdogo. Hapo mwenye mnyama hubaki na kazi moja: asiteseke. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlinde na mateso. Daktari wa mifugo anaweza kumchoma sindano ya kumlaza, afe bila maumivu. Muulize bei yake, mara nyingi ni ndogo kuliko matibabu ya siku nyingi. Kumtia sumu, kumnyonga au kumpeleka ng'ambo ya mto ukamwache huko, hayo si njia. Mbwa aliyetupwa akiwa mgonjwa huenda akawa na kichaa, naye atamng'ata mtoto wa watu huko huko.

Mzike shimo refu, mbali na kisima. Ukilia, lia. Rafiki yako akilia kwa ajili ya paka wake, usimwambie "paka tu huyo". Kaa naye.

Kazi ya klabu yenu

Mwezi huu, gawaneni mitaa mhesabu mbwa na paka wote, mkiandika aliyechanjwa, tarehe ya kadi yake, na asiyechanjwa. Pelekeni orodha kwa afisa mifugo wa kata, mkamuulize mambo matatu: kichupa cha dozi 10 ni shilingi ngapi, yeye anaweza kuja siku gani, na nauli yake ni kiasi gani. Muulizeni pia kama tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri ina mpango wa kuchanja. Gawanyeni jumla kwa idadi ya wanyama, kisha bandikeni bei hiyo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, mahali ambapo hata asiyekuja kwenye mkutano ataisoma.