Kuchimba Visima Virefu vya Chumvi

Mwili wako unahitaji chumvi kidogo kila siku. Wakazi wa pwani huweza kuipata kwa kukausha maji ya bahari. Je, watu wakaao mbali na bahari waliipataje zamani?

Jimbo la Sichuan, nchini China, liko mbali sana na bahari. Lakini chini ya ardhi, kati ya miamba, mna maji ya chumvi. Hapo kale watu walichimba visima vipana kwa majembe. Katika miaka ya 1040 walianza kuchimba visima vyembamba, vyenye mdomo uliotoshana na bakuli. Visima hivi vilifika chini zaidi.

Jinsi walivyochimba

Walitumia wenzo. Ubao mrefu uliwekwa juu ya egemeo. Kwenye ncha moja ya ubao walining'iniza chuma kizito chenye makali kwa kamba ya mianzi. Watu walikanyaga ncha ya pili, na chuma kikapanda. Waliporuka kutoka ubaoni, chuma kilianguka kwa uzito wake na kuvunja mwamba. Kazi hii ilirudiwa maelfu ya mara.

Jinsi walivyoteka maji

Walichukua mwanzi mrefu, wakatoboa mafundo yake ya ndani, wakafunga vali ya ngozi chini yake. Mwanzi ulipozama, maji yaliisukuma vali ikafunguka, yakaingia. Mwanzi ulipovutwa juu, uzito wa maji uliifunga vali. Kisha maji yalichemshwa katika makarai ya chuma. Maji yaligeuka mvuke, chumvi ikabaki. Mahali pengine gesi iliyotoka visimani ilitumika kuwasha moto huo.

Mwaka 1835 kisima cha Shenhai, katika mji wa Zigong, kilifikia kina cha meta 1001. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 10. Wachimbaji hawakuwa na injini. Walikuwa na mianzi, chuma, nguvu za miili yao, na subira.

Kazi ya kufanya

Weka rula juu ya penseli. Weka jiwe dogo kwenye ncha moja. Bonyeza ncha ya pili polepole, kisha iachilie ghafla. Umeona nini?

Maswali

1. Katika kazi uliyofanya, egemeo ni kitu gani?
2. Ni nini kilichokifanya chuma kianguke?
3. Kama mwanzi usingekuwa na vali, maji yangefika juu? Eleza.