Koki ya maji ya moto iko wapi?

Swali: Bomba la maji ya moto bafuni linavuja. Nifunge wapi bila kukata maji ya nyumba nzima?

Jibu: Zima kwanza swichi ya hita. Kisha fuata paipu ya maji baridi inayoingia kwenye hita. Koki ya kufungia huwa hapo karibu, ingawa baadhi ya mafundi hupenda kuificha darini. Ukifunga maji baridi, ya moto nayo yanakoma, maana maji baridi yanayoingia ndiyo yanayosukuma ya moto yatoke. Koki ya mkono izungushe robo tu, ikae mkingamo na paipu. Ya gurudumu, zungusha kulia mpaka ikaze. Ikigoma usiikazie spana, utaivunja shina. Ichezeshe taratibu huku na huku. Halafu fungua bomba: maji yakiendelea kutiririka baada ya dakika chache, koki imekufa, mwite fundi.