Ripoti ya Umri wa Madeni

Duka linaweza kuonyesha faida vitabuni na bado likakosa fedha za kununulia bidhaa, kwa sababu wateja hawajalipa. Ripoti ya umri wa madeni, inayotolewa na programu ya uhasibu, huonyesha nani amechelewa kulipa na kwa siku ngapi.

Mfano: Wateja hupewa siku 30 za kulipa. Hali ilivyo tarehe 30 Juni:

- Mteja A: ankara ya 10 Juni, sh. 250,000. Muda haujaisha.
- Mteja B: ankara ya 20 Mei, sh. 400,000. Amechelewa siku 11.
- Mteja C: ankara ya 1 Machi, sh. 900,000. Amechelewa siku 91.

Jumla ya wadaiwa ni sh. 1,550,000, zilizochelewa ni sh. 1,300,000. Mfuatilie C kwanza: deni likikaa sana, huwa gumu kulipika.

Zingatia: Hesabu siku za kuchelewa kuanzia siku ya mwisho ya kulipa, si tarehe ya ankara.

Swali: C alilipa sh. 500,000 tarehe 25 Juni, lakini karani hakuingiza malipo hayo. Sahihisha jumla ya wadaiwa.

Jibu: Sh. 1,050,000. C anadaiwa sh. 400,000. Programu husoma kilichoingizwa tu.