Lugha ndani ya visakale vya hekalu la Srirangam

1. Swali

Katika fasihi simulizi tumezoea kuuliza kisakale kinasema nini. Ni mara chache tunauliza kinasimuliwa kwa lugha gani, na kinaitetea lugha ipi. Hapa nashughulikia swali hilo la pili, kwa mfano wa hekalu la Srirangam, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa Uhindi. Hekalu hilo la Vishnu liko kisiwani katika mto Kaveri, limezungukwa na kuta saba, na kwa karne nyingi limekuwa kitovu cha waalimu wa Kivaishnava. Waumini wake wana lugha mbili za ibada: Kisanskriti, lugha ya Veda, na Kitamili, lugha ya nyumbani.

2. Visakale vitatu

Cha kwanza kinamhusu Nathamuni, anayehesabiwa kuwa wa kwanza katika mlolongo wa waalimu hao. Alisikia watu wakiimba beti za Kitamili zilizojitaja kuwa ni kumi tu kati ya elfu moja. Nyingine zilikuwa zimepotea. Akakariri shairi fupi mara 12,000, mpaka mshairi Nammalvar, aliyekwisha kufa zamani, akamtokea na kumpa beti 4,000, zake na za washairi wenzake.

Cha pili ni cha Tiruppan, mwanamuziki wa tabaka lililodharauliwa. Aliimba ukingoni mwa mto, kwa kuwa hekaluni hakuruhusiwa kuingia. Kuhani mmoja akamrushia jiwe, akamjeruhi. Vishnu akamwamuru kuhani yuleyule ambebe mabegani hadi ndani.

Cha tatu ni cha Ramanuja, ambaye mapokeo yanasema aliishi kuanzia 1017 hadi 1137. Alimwendea mwalimu wake mara 18 kabla ya kufunuliwa maana ya maneno matakatifu, kwa sharti la kuyaficha. Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, alipanda mnara wa hekalu akawatangazia watu wote. Alipotishiwa jehanamu, alijibu kuwa ni heri apotee yeye mmoja, wengi waokoke.

3. Uchambuzi

Visa vyote vina muundo mmoja: kitu kimepotea, kimezuiwa au kimefichwa, kisha kinafunguliwa. Katika viwili vya kwanza, kinachofunguliwa ni wimbo wa Kitamili. Kwa hiyo naviona kama hoja: lugha ya nyumbani nayo ni ufunuo, haipungui Veda. Hoja hiyo inaonekana pia kwa macho. Katika maandamano ya hekalu, waimbaji wa Kitamili hutangulia mbele ya sanamu, na wasomaji wa Veda hufuata nyuma.

Hata hivyo tuwe waangalifu. Vitabu tisa vinavyohesabiwa kuwa vya Ramanuja vyote ni vya Kisanskriti, wala havitaji majina ya washairi wale wa Kitamili. Basi visakale vinatufundisha zaidi kuhusu waliovisimulia baadaye kuliko kuhusu Ramanuja mwenyewe. Nao wasimulizi hao, katika maandishi ya karne ya 13 na baada yake, walitumia lugha ya tatu: Kitamili kilichochanganywa na Kisanskriti, kiitwacho manipravala, yaani vito na marijani katika uzi mmoja.

4. Kwetu

Jina hilo ndilo lililonivutia. Sisi tunapoandika masimulizi ya Lubumbashi, yenye Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, wengi wetu huandika pembeni "lugha iliyoharibika", kisha tunasafisha matini. Najua hali hazilingani: manipravala ilikuwa lugha ya wasomi, mchanganyiko wetu ni wa soko na nyumba. Lakini jina la dhihaka hutuzuia kuchunguza neno lipi limetoka wapi, na kwa nini msimulizi alilichagua hapo. Napendekeza tuyaandike masimulizi kama yalivyosemwa, na usanifishaji, ukihitajika, uwekwe katika safu ya pili. Matini iliyosafishwa haiwezi tena kutuambia inaitetea lugha ipi.